Herufi L

Jumatano, Machi 1998. Mvua ya barafu tangu asubuhi. Sina hasira, sina machozi, nimechoka tu.

Leo nilifanya majaribio ya nafasi yangu ya kwanza ya kuimba peke yangu. Miaka tisa nimeimba kwenye kwaya ya opera hapa Toronto, safu ya nyuma, leo mtawa, kesho mwanamke wa sokoni. Asubuhi nahudumia wazee kule Don Mills, jioni niko mazoezini. Nafasi yenyewe ni ndogo: mke aketiye kando ya mumewe mgonjwa, anamwimbia dakika nne. Sijawahi kutaka kitu hivi tangu nije Kanada.

Wimbo ni wa Kiitaliano. Mwishoni mke anasema ti amo molto, nakupenda sana. Mimi nikaimba ti amo morto.

Morto ni mfu.

Mwelekezi wa muziki, mzee Mwitaliano, aliinua mkono na piano ikanyamaza. “Grace,” akasema kwa upole, “mumeo bado yu hai. Rudia.” Nikarudia, nikamuua mara ya pili. Mpiga piano aliinama, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Mimi ni mtu wa Nyeri. Kikuyu chetu hakina L. Nikisema polepole naiweza, lakini nikiingiwa na hisia ulimi unarudi nyumbani. Shuleni Nairobi walinicheka kwa “rakini” yangu mpaka nikajifunza ujanja, na ujanja huo sikumwambia mtu hadi leo: kila nikichagua wimbo, natafuta kwanza wenye L chache. Kwenye kwaya, wenzangu arobaini hunifunika. Hata mwalimu wangu wa sauti nimemficha.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hawakunikataa. Walisema sauti wanaitaka, nirudi Ijumaa, na nikipenda nibadilishe wimbo. Kabla sijafika nyumbani Regent Park nilikuwa nimeshapata mwingine, hauna L hata moja.

Jioni nilimsimulia yote, hata ule ujanja, binti yangu Njeri, wa miaka kumi na miwili. Kiswahili anakisikia chote, kujibu ni Kiingereza. Hakucheka. “So you're just gonna hide again?” Nilimtuma akaoshe vyombo. Nilikasirika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilikuwa naenda kujificha tena.

Miaka yote hii nimejiambia hawanipi nafasi kwa kuwa mimi ni Mwafrika. Mara nyingine ilikuwa kweli, niliona kwa macho yangu. Lakini ni nafasi ngapi sikuziomba kabisa, kwa ajili ya herufi moja?

Aibu hiyo ni yangu.

Njeri alipomaliza vyombo nilimwomba aketi anisikilize. Nilikosea mara nyingi. Kila nikikosea aligonga meza kwa kijiko, nami nikaanza upya, hadi akasinzia kitini.

Ijumaa naenda na wimbo ule ule wa molto. Huenda nikakosea. Nikikosea, watasikia ni mimi.