Friji Kichwa Chini

Jumatano, Oktoba 1995

Imelala kichwa chini pale sebuleni, na mimi siwezi hata kuitazama.

Mchana nilikuta maji sakafuni. Utambi wa friji ulikuwa unawaka vizuri, lakini ndani kulikuwa na vuguvugu, na chupa za insulini za Neema zilikuwa zinatoka jasho. Dawa ile ikipata joto inaharibika, na kwa macho hujui. Inabaki safi kama maji. Nyingine mpaka treni iilete kutoka Tabora.

Jioni shemeji Bosco akasema friji ya mafuta ya taa ikikataa hugeuzwa, ilale hivyo mpaka asubuhi, inapona. Wakaigeuza yeye na Baba Neema. Dawa nimezifunga kwenye nailoni, nikazizamisha kwenye mtungi. Na joto hili la Oktoba.

Dukani ipo friji mpya. Muuzaji alisema, “Mama, subiri Krismasi ipite, tutashusha bei.” Baba Neema akasema tusubiri. Na mimi nikakubali.

Neema kaniuliza, “Mbona mmeipindua? Sindano yangu ya asubuhi je?”

Nimemwambia ipo. Sijamwambia kwamba sijui nitamchoma dawa au…

Baba Neema katoka chumbani sasa hivi. Kaingiza mkono mtungini, kakaa nao humo muda mrefu, halafu kaufunika mtungi kwa shati lake alilolilowesha maji. Hakuniangalia.

“Asubuhi kachukue ile ya dukani,” kasema. “Habari ya Krismasi usimuulize muuzaji.”