Daftari Haliitikii

Endagikot,
Mbulu.
14 Septemba 2025

Mpendwa dada Monica,

Shikamoo dada yangu. Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani, na mpe shemeji Alex shikamoo yake. Habari za Sumbawanga? Magoti yanaendeleaje? Na yale macho uliyosema yanatoa machozi ukisoma, je, yamepata dawa? Kama bado, nakuomba usimpe binti yako Mary akusomee barua hii. Isome mwenyewe, hata kama itakuchukua wiki nzima.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu. Tunaongea kwenye simu kila Jumapili baada ya misa, sasa barua ya nini? Dada, kwenye simu unaniuliza "hamjambo?" nami najibu "hatujambo", kwa sababu mdomo umeshazoea. Ukiuliza ng'ombe nasema wazima. Kisha nampa wifi yako Efrazia simu, nami natoka nje. Jumapili zote hizo umekuwa ukiongea na adabu yangu. Mimi mwenyewe sikuwepo.

Nianze na habari za kawaida, maana hizo bado naziweza. Kiangazi kimekuja mapema na vumbi limekaa mpaka kwenye majani ya maharage. Yule ng'ombe mwenye mabaka amezaa dume. Binti yetu Eva amehamishiwa shule ya Dirma, kule Hanang, na anasema watoto wa wafugaji wanamfundisha yeye zaidi ya anavyowafundisha. Wifi yako ni mzima lakini amekonda, kwa sababu anafanya kazi za watu wawili.

Vitunguu saumu vimeozea shambani. Si vyote, lakini vingi. Watu wakiuliza, Efrazia anasema ni ugonjwa wa mizizi. Ugonjwa ni wangu mimi. Nilikuwa naenda mpaka kwenye matuta, nasimama, naona majani yamekauka na kulala, najua kabisa ni wakati wa kung'oa, kisha narudi kulala. Unanijua, dada. Mimi ndiye niliyekuwa nagombana na watu kwa kuacha jembe nje. Sasa naangalia shamba langu likioza na wala siumii, na hilo la kutokuumia ndilo linaloniogopesha.

Basi niseme. Siko sawa, dada. Si tangu jana.

Mwanzoni tulidhani ni malaria. Kisha taifodi, kisha minyoo, kisha presha. Nimetolewa damu mpaka nikamwambia yule kijana wa maabara abakize kidogo ya kunirudisha nyumbani. Kila kipimo kinarudi safi. Mwishowe nikapelekwa kwenye chumba cha mwisho kabisa cha hospitali, kile ambacho watu wakikuona umekaa kwenye benchi lake wanageuza uso ili wasikuaibishe. Humo nilimkuta nesi mmoja, Letisia, umri wake ni kama wa Eva. Aliniuliza maswali ambayo hata padri hajawahi kuniuliza. Nalala? Nakula? Naona faida ya kesho? Kisha akasema, "Baba, hii ni sonona." Neno hilo nilikuwa nalisikia redioni, nikidhani ni la watu wa mjini wenye nafasi ya kuugua namna hiyo.

Akaanza na Patriki, maana yeye alijua, wilaya nzima inajua. Wewe ulikuja kumzika mtoto wetu, ulilala na wifi yako mkeka mmoja, kwa hiyo sina la kukusimulia. Ila tangu siku ile sijawahi kulitamka kwa kinywa changu, na Letisia alitaka nilitamke. Nikasema: mwanangu alitoka asubuhi na pikipiki kwenda Yaeda Chini kuangalia ndama wa kununua, mvua ikanyesha juu milimani, korongo likamchukua wakati anarudi. Gidahosh, rafiki yangu yule mfugaji, ndiye aliyemwona. Basi. Ni maneno machache tu, lakini nilipomaliza shati lilikuwa limelowa.

Pikipiki yake bado iko chini ya upenu. Tope la korongo limekaukia kwenye tairi na hakuna anayethubutu kuiosha. Kuku ameifanya kiti chake cha kutagia. Efrazia huokota mayai pale kila asubuhi bila kusema kitu.

Kuna jambo hukuliona kwa sababu ulikuwa umesharudi. Mwezi wa saba, Hermani wa baba mdogo alizindua nyumba yake mpya. Walinialika niseme slufay, ile baraka yetu ya kuitikiwa, kama nilivyofanya kwenye nyumba karibu zote za upande huu. Unajua sifa yangu. Marehemu baba alikuwa anasema mimi nilizaliwa na ulimi wa baba yake, na padri mwenyewe hunitania kwamba mahubiri yake hayana mwitikio kama wangu. Nikasimama na fimbo. Kibuyu cha pombe kikawekwa katikati. Nikaanza:

"Nchi yetu iwe na afya." Wakaitikia.

"Mvua ije kwa upole, iondoke kwa upole." Wakaitikia.

"Ng'ombe wanywe, washibe, walale." Wakaitikia.

Ukafika mstari wa watoto. Nimeusema tangu nikiwa kijana, naujua kuliko Baba Yetu. "Watoto wetu wakitoka…" Nikasimama hapo. Dada, neno moja tu lilibaki, na lilikataa. Watu wote walikuwa wameshavuta pumzi ya kuitikia, wakabaki nayo kifuani. Nilisikia mbuzi wakitafuna nyuma ya nyumba. Mzee Margwe, ambaye anatembea kwa shida, akainuka, akanishika kiwiko, akaumalizia mstari yeye na kuendelea mpaka mwisho. Nami nikakaa. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka.

Tangu siku ile hawaniiti tena. Si kwa ubaya, elewa vizuri. Kukiwa na shughuli, wazee wanaona wakiniita itabidi wanipe fimbo, maana mtu kama mimi haalikwi akaachwa akae tu kama mgeni, na wakinipa fimbo wataniumbua. Kwa hiyo hawaniiti, wananiletea fungu langu la pombe nyumbani, limefunikwa kwa majani kama inavyotakiwa. Mtoto analiweka mlangoni, anasema shikamoo, anaondoka. Vibuyu vinakuja na vinarudi vimejaa. Wananiheshimu, dada, wananiheshimu mpaka watanimaliza.

Sasa nikuambie habari za daftari, ucheke kidogo. Letisia alinipa vidonge, na tena akaniambia nitafute daftari niwe naandika kila siku yaliyomo moyoni. Nilimwambia mimi ni darasa la saba, mambo ya moyoni hatukufundishwa. Akasema andika hivyo hivyo. Basi nikaandika, mchana, ng'ombe wakiwa wamelala. Niliporudi kliniki nikampa asome. "Leo upepo. Maharage ya Hermani yameshikwa na kutu. Ng'ombe mwenye mabaka hajala vizuri." Alisoma kurasa zote kwa makini, kisha akainua macho akaniuliza, "Baba, wewe uko wapi humu?"

Nilikasirika. Nilirudi nyumbani nikasema sitaandika tena ujinga huu. Kesho yake nikaandika: Leo nimekaa kwenye kitanda tangu Efrazia aamke mpaka aliporudi na kuni, na sijui nilikuwa nawaza nini. Nikaiangalia sentensi ile. Ilikuwa kweli. Tangu hapo nimekuwa naandika kweli.

Inasaidia? Nisikudanganye. Inasaidia kama kukamua jipu: siku hiyo unalala, lakini kesho usaha umejaa tena. Kuna siku nimeandika "Patriki" tu, ukurasa mzima, kama mtoto anayejifunza kuandika jina lake. Kuna siku nimeandika kwamba namchukia Mungu, nikafuta, nikaandika tena. Naandika Kiswahili, kwa sababu lugha ya mama hatukufundishwa kuiandika, na labda ni afadhali. Kuna mambo ambayo kwa lugha ya nyumbani nisingethubutu kuyasema, maana mama angeyasikia kaburini.

Lakini daftari lina kasoro moja, dada. Haliitikii. Wewe umekulia nyumba ile ile niliyokulia mimi. Unajua kwamba kwetu mtu hasemi neno zito peke yake. Anasema mstari, watu wanaitikia, hapo ndipo anapata pumzi ya mstari unaofuata. Daftari unalisemesha, linanyamaza. Unaandika mstari wa pili, linanyamaza. Mwisho wake naonekana kama mtu anayesema slufay kwenye nyumba isiyo na watu.

Nilijaribu kumsomea Efrazia ukurasa mmoja. Sikufika katikati, alitoka akaenda kisimani bila ndoo. Yeye ana mzigo wake, sina haki ya kumwongezea. Gidahosh naye alikuwa anakuja, analeta asali, tunakaa bila kuongea, na ilikuwa inanifaa. Siku moja aliniona naandika akaniuliza, "Ndugu yangu, unaandika maneno ya nani?" Nikamwambia ni yangu. Akasema, "Yako si unayajua? Mpe mtu mwingine ayabebe." Wiki iliyofuata akahamisha ng'ombe kufuata majani, na hatarudi kabla ya mvua.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Lisome ukiwa umekaa. Dada, kuna siku naona afadhali nisingekuwepo. Si kwamba nataka kufa, sijui hata kama ni hivyo, ila nachoka kuamka, na wazo hilo linakuja na kukaa karibu yangu kama mtu wa nyumbani. Niliandika kwenye daftari. Letisia aliposoma hakupiga kelele. Alifunga mlango, akakaa upande wangu wa meza, akaniuliza maswali wazi wazi, akaongea na Efrazia, na sasa naenda kwake kila wiki badala ya kila mwezi. Kisha akaniambia, "Baba, hili ni zito kwa daftari. Nani wa damu yako anaweza kulisikia asikimbie?"

Nikakukumbuka wewe. Mama alipokuwa anaumwa mara ya mwisho, sisi wanaume tulikuwa tunazunguka nje tukijifanya tunatengeneza zizi. Wewe ulikaa ndani. Alikuwa anasema maneno yasiyoeleweka, nawe kwa kila neno ulikuwa unaitikia "eee, mama, eee", mpaka mwisho. Nilikuwa nasikia kupitia ukutani. Kwa hiyo nimekuchagua wewe, unisamehe kwa mzigo huu.

Usipande basi kuja. Najua magoti yako, na najua utataka kuja kesho. Usinitumie pia maneno ya kunipa moyo, dada, hayo nimeshayapata mengi, yamejaa nyumba. Usiniambie Patriki yuko mahali pema. Naamini hivyo, na bado siwezi kung'oa kitunguu.

Nisalimie sana Emanuel na Mary, uwaambie baba yao mkubwa huyu wa huku… eti baba mkubwa, ona, hata undugu unanichanganya. Waambie Emanuel na Mary kwamba mjomba wao anawakumbuka. Msalimie shemeji Alex kipekee. Wifi yako Efrazia anakusalimu, hajui nimeandika nini lakini anajua nakuandikia, na leo ameimba kidogo akikamua. Eva naye anakupa shikamoo shangazi. Mzee Margwe kila akiniona anauliza kama yule binti aliyeolewa mbali bado yuko hai.

Hapa ndipo barua inapotaka baraka. Tangu siku ile kwa Hermani sijambariki mtu, hata ndama. Lakini siwezi kufunga barua kwa dada yangu mkubwa bila neno, kwa hiyo nimejaribu. Soma mstari, uitikie kwa sauti hapo ulipo, hata shemeji akikushangaa.

Nyumba yako iwe na moto.

Magoti yako yakubebe.

Mvua ya Sumbawanga ije kwa upole, iondoke kwa upole.

Watoto wako wakitoka asubuhi,

Nimeishia hapo. Nimekaa na mstari huu tangu ng'ombe walale mpaka wameamka, na kalamu haisogei. Jumapili ukipiga simu, usiniulize hamjambo. Umalizie wewe, dada. Sema lile neno moja, na mimi, nikiweza, nitaitikia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,

Tluway