Aliyenibeba Mgongoni Hayumo Kwenye Filamu Yangu

Bi Zenebech, mshauri wetu,

Nimekusoma gazetini miaka tisa bila kudhani kwamba siku moja nami nitakushikia kalamu, lakini Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu filamu ya maisha yangu itaonyeshwa kwenye ukumbi wa mji wetu wa Debre Berhan, na ndani yake kuna uongo nilioutoa kwa mdomo wangu mwenyewe, na anayeumizwa na uongo huo atakaa kiti cha mbele kabisa, naye ni dada yangu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, nina miaka hamsini na mbili, polio ilinipooza miguu nikiwa na miaka mitatu na natembea kwa magongo. Mwaka jana binti mmoja wa Addis Ababa, anaitwa Meklit, kazi yake kutengeneza filamu za maisha ya watu, za kweli, zisizo na maigizo, alisikia kwamba nimeanzisha shuleni kwetu darasa la watoto wenye ulemavu, akaja na mpiga picha wake wakakaa nasi miezi mitatu, na nakwambia yule binti anaijua kazi yake, hakuwahi kuniambia kaa hivi au sema hivi, alikuwa anatulia pembeni mpaka unasahau kwamba yupo, hata mwanafunzi wangu mmoja mtundu akamuuliza, "Dada, kumbe wewe unalipwa kwa kunyamaza?"

Basi siku moja tuko nyumbani, dada yangu Yeshimebet anatutengenezea kahawa, Meklit akaniuliza, "Mwalimu, ulipokuwa mdogo kule kijijini, na shule iko juu mlimani, ulikuwa unafikaje?" Swali jepesi tu. Nikafungua mdomo niseme ukweli, nikaona kamera inanitazama, nikajikuta nasema, "Nilikuwa natambaa."

Ukweli ni kwamba nilitambaa siku mbili, Bi Zenebech, siku mbili tu, wiki ile dada alipougua homa. Siku nyingine zote za miaka sita alinibeba yeye, mimi nimeanza na miaka saba yeye ana kumi na miwili, ananifunga mgongoni kwa shuka la pamba, iwe mvua iwe jua, na kwa kuwa hakuweza kurudi nyumbani na kuupanda tena ule mlima mchana, alikuwa anakaa nje chini ya dirisha la darasa anasokota pamba mpaka nitoke, yeye mwenyewe hakusoma hata siku moja, na alipofika miaka kumi na mitano wakaja watu kumposa, akamwambia baba wangoje kwanza Asnake amalize darasa la sita, nao hawakungoja, na mpaka leo tunaishi sisi wawili nyumba moja.

Yote hayo sikuyasema. Niliona machozi yanamlengalenga Meklit, nikanogewa, nikaongeza kwamba nilikuwa najifunga vipande vya tairi magotini, kitu ambacho hakijawahi kutokea duniani. Sidhani dada alisikia, alikuwa pale pale kwenye jiko la mkaa lakini alikuwa anakaanga buni, na unajua buni zinavyolia kwenye kikaango. Naikumbuka siku hiyo vizuri kwa sababu ndiyo siku pekee kahawa yake iliungua, tukamtania sana.

Halafu tukaenda kijijini kuupiga picha ule mlima, na jirani yetu wa zamani, mama mzee mwenye maneno, akanipokea kwa kicheko, "Wewe Asnake! Punda wako umemwacha wapi leo?" Ndivyo watoto walivyokuwa wakimwita dada, punda wa Asnake. Meklit akauliza, "Punda gani, Mwalimu?" Nikamjibu, "Achana nao, wazee hawa wana utani wao." Uongo wa pili huo, na huu uliniuma zaidi.

Filamu yenyewe ni nzuri, siwezi kukuficha. Wamewaonyesha wanafunzi wangu kama watu, wanacheka, wanagombana, wanakosea hesabu, hakuna anayeombewa huruma. Dada sura yake haionekani popote, kila kamera ikimgeukia anajifunika shela, lakini mikono yake imo mwanzo hadi mwisho, inamimina kahawa, inanitia tonge mdomoni kwa desturi yetu ya upendo, inaninyooshea magongo, na mwishoni wanapowashukuru watu jina lake halimo. Walipoionyesha Addis ukumbi mzima ulisimama. Kipande kilichowasimamisha ni kile cha kutambaa.

Nataka kusema ukweli, lakini kuna jambo linanizuia. Baada ya kipande hicho kuonyeshwa kwenye televisheni, baba mmoja alishuka kutoka upande wa Ankober na binti yake wa miaka kumi, mtoto aliyekuwa amefichwa ndani tangu azaliwe kwa sababu ya miguu, akaniambia, "Mwalimu, kama wewe ulitambaa mpaka ukawa mwalimu, basi huyu wangu naye atatambaa." Je, nikisimama kusema nilidanganya, si atamrudisha ndani? Na huku dada anazunguka nyumba kwa nyumba, "Njooni Jumamosi mmuone mdogo wangu," na suti yangu ameipiga pasi mara ya tatu. Nikimtazama nashindwa kula. Nifanyeje?

Mwalimu Asnake, Debre Berhan

*

Mwalimu Asnake,

Kwanza pole, halafu hongera, halafu kaa vizuri maana nina maneno na wewe.

Hongera ni ya kweli. Mimi ni mmoja wa waliosimama kule Addis. Nimetazama filamu nyingi za watu waliopata taabu, na nyingi hunifanya nione haya kwa niaba ya anayetazamwa. Hii yenu haikunifanyia hivyo. Nilimpenda yule msichana anayebishana nawe juu ya sehemu na desimali kana kwamba umemwibia kitu. Nilikupenda na wewe, mkaidi usiyetaka kubebewa hata mkoba. Na unajua tulipokuwa tunatoka, mwanamke aliyekaa karibu nami aliniuliza nini? Hakuuliza habari za magoti. Aliuliza, "Ile mikono ni ya nani?" Kesho yake nilikuwa bado naiwaza.

Sasa maneno. Unasema hudhani kama dada yako alisikia. Mwalimu mzima wa hesabu! Mwanamke wa miaka hamsini na saba, amekaanga buni kila siku ya uhai wake, siku moja tu anaiunguza, na siku hiyo ndiyo uliyosema mlimani ulifika kwa magoti yako. Jumlisha mwenyewe. Alisikia, ndugu yangu. Alisikia kila neno mpaka hayo matairi, akakumiminia kahawa, akavumilia utani wenu, na tangu siku hiyo anapiga pasi suti yako. Wewe unaogopa ataumia Jumamosi. Ameshaumia, na bado anakualikia watu.

Sikuandikii hivi nikuone umejikunyata. Namjua mtoto aliyebebwa miaka sita huku wenzake wakicheka, najua anavyotamani aseme mara moja tu kwamba alifika kwa nguvu zake. Tamaa hiyo naielewa, na siioni kuwa mbaya. Ila uliilipia kwa kitu kisichokuwa chako.

Na huyo baba wa Ankober usimfanye kisingizio. Rudia alichokwambia: wangu naye atatambaa. Hebu yasikilize maneno hayo. Umemfundisha mtu mwema kumtazama binti yake akijikokota kwenye mawe na kuona ndiyo njia ya elimu. Mtoto huyo hahitaji magoti magumu. Anahitaji mtu wa kumfikisha, na baba yake ana mgongo. Ukweli wako utamfaa kuliko uongo wako, na wazazi wengine wote watakaokuwa ukumbini wataondoka wanajua la kufanya Jumatatu asubuhi.

Basi fanya hivi. Leo hii, kabla hujala, kaa na dada yako mkiwa wawili tu, umwambie yote, na la punda pia. Usimwombe msamaha mbele ya watu ukumbini, mbele ya watu atalazimika kukusamehe, na hiyo ni kumbebesha tena. Mwombe nyumbani, mahali anapoweza kukukatalia. Halafu mpigie Meklit. Atakasirika, na ana haki, ila binti anayejua kunyamaza miezi mitatu atajua pia kusikiliza nusu saa. Filamu inaweza kukatwa na kuongezwa, hilo ni kazi yao, na nadhani atakushukuru, maana umempa filamu bora kuliko aliyokuwa nayo. Kisha mwache Yeshimebet aamue. Akitaka utamke ukumbini, simama useme kwa sauti ya darasani. Akitaka abaki nyuma ya shela lake, heshimu, jina lake liandikwe tu mwishoni, kubwa, lisomeke.

Jibu hili nakutumia kwanza wewe, kwa mkono wa dereva wa basi, ili usingoje gazeti likusemee. Gazetini litatoka baada ya Jumamosi yenu, na kwa ruhusa ya mtu mmoja tu, ambaye si wewe wala si mimi. Mpe namba yangu. Akisema hapana, nazichana barua zote mbili.

Zenebech

Nyongeza, Jumatatu: Yeshimebet amenipigia mwenyewe asubuhi hii, mara tu baada ya kahawa. Nilijiandaa kumweleza mengi, hakunipa nafasi. Alisema, "Itoeni. Ila muandike na hili, maana jana na juzi watu wamelia hapa mpaka wamesahau kuniuliza: alikuwa mzito."