Soko Bila Mwenyewe

Busia, Machi 1966

Kwa kaka Muzafaru, huko Jinja,

Salaam aleikum. Sisi wazima, na mwanetu Shamsa ameanza kutembea.

Unakumbuka mume wangu Ayub alivyozoea kusema, "Serikali ikituondolea vibali vyake, soko litajiendesha lenyewe." Basi ofisa wa vibali vya mahindi, aliyekuwa akitupangia bei, alihamishwa, na hakuletwa mwingine. Tulishangilia. Kila mtu aliuza kwa bei aliyopatana na mnunuzi.

Kisha Sulaiti, yule mwenye malori ya Malaba, akaweka vijana wenye marungu kwenye barabara ya Butula. Wakulima walilazimishwa kumwuzia yeye peke yake. Ayub aliendelea kununua mahindi yao, wale vijana wakamvunja mkono sokoni mchana kweupe.

Nikamwambia, "Twende polisi."

"Mimi niliyeitukana serikali?"

"Ulikataa wakupangie bei. Hukusema watu wavunjwe mikono."

Leo kesi imesikizwa. Hakimu aliuliza nani aliona. Sulaiti akageuka, akatutazama mmoja mmoja. Nilisimama. Roselida muuza mtama akasimama, halafu wakulima wa Butula. Sulaiti amefungwa.

Ayub bado hataki ofisa wa bei. Anasema anataka hakimu asiyenunulika, basi. Mimi nasema hata hakimu huyo anahitaji watu wa kusimama.

Sasa lori la ndugu zake Sulaiti limeegeshwa mbele ya duka letu. Ayub ameniambia nifunge mlango. Nimekataa, kwa sababu wakulima wanaendelea kuingia na magunia.

Tuombee, kaka.

Dada yako,
Kadija