Ngazi ya Shaba Niliyoipiga Pasi

Mpendwa Mshauri, naomba msaada, ila kabla ya msaada naomba unipongeze, kwa sababu nimeoa, nina miezi mitatu na siku nne ndani ya ndoa, na kama kuna mtu anayeamka na furaha kunizidi basi mimi bado sijaonyeshwa. Mke wangu ni fundi miwani. Mikono yake, Mshauri, sijui nikuelezeje, anashika skrubu ambayo mimi naiona kama punje ya mchanga, anaifunga mahali pake huku anaongea na mteja habari za mvua, na akirudi nyumbani mikono hiyohiyo inanishika mashavu na kuniuliza, "Umekula, Dobi wangu?" Mimi ni dobi kweli, kazi yangu ni pasi, na tangu nimuoe hata mashuka ya wageni wa hoteli nayanyoosha kwa mapenzi.

Sasa mke wangu ana jambo analolipenda tangu shuleni, anatengeneza magari ya mfano, madogo, siyo ya kuchezea watoto, ni ya kutazamwa mpaka shingo iume. Nilipokuwa namchumbia alinionyesha basi la kutosha kiganjani lenye viti arobaini, kila kiti kina mshono wake, nikajua hapa nimefika. Nyumbani ana kona yake sebuleni, meza yake, taa yake, na mimi nimepewa ruhusa ya kufuta vumbi upande wa kulia tu. Kwa sasa anatengeneza gari la zimamoto, kwa sababu baba mkwe ameendesha gari la zimamoto miaka thelathini na moja na anastaafu Jumamosi ya tatu kuanzia hii, na mke wangu anataka amkabidhi mbele ya wenzake gari lake lilelile, lenye namba zake, kioo chake cha pembeni chenye ufa, na ngazi yake ya juu.

Ngazi ndiyo iliyonifikisha kwako. Ngazi hiyo haiji ikiwa ngazi, inakuja ndani ya bati la shaba jembamba kama jalada la daftari, kiwandani wamelichonga kwa dawa inayokula chuma mpaka limebaki matundu matundu kama shela ya bibi harusi, wewe unakata vipande kwa kisu, halafu unavikunja kwenye vimistari vilivyochimbwa, huku juu, huku chini, mpaka kitu kinasimama. Mke wangu alikunja jioni tatu, amebana pumzi, hata chai sikuthubutu kukoroga, akaviacha mezani juu ya kitambaa vikisubiri gundi.

Alhamisi nilikuwa mapumzikoni na yeye alikuwa kazini. Nimejaa mapenzi, nafanya usafi huku naimba, nikafika kwenye meza nikaviona vile vipande vimepinda, vingine vimejikunja pembe kabisa, na kando kuna lile bati lililobaki limenyooka safi, nikasema moyoni, maskini mke wangu, vimemharibikia na hajaniambia. Mshauri, mimi nikiona kitu kimekunjamana mkono unatafuta pasi wenyewe. Nikatandika taulo, nikavipanga, nikavifunika kitambaa chenye unyevu visije vikaungua, nikavipiga pasi. Vilitoka vimenyooka kama kola ya bwana harusi. Nikavipanga mstari mmoja kwa urefu, nikachuma ua kibarazani nikaliweka pembeni yake, nikakaa kusubiri kushukuriwa.

Akaingia, akaliona ua, akanibusu kwenye kipaji cha uso, kisha akaviona vipande.

"Mbona hivi vimenyooka?"

Mimi nilishafungua mdomo kujisifu, lakini nilipouona ule uso nikasikia mdomo unasema, "Vimenyooka?" kama mtu aliyeingia na mimi sasa hivi. Halafu nikaongeza, na hapa ndipo ninapoomba unisamehe kabla hujasoma, nikasema, "Itakuwa joto la mchana, mke wangu. Joto linanyoosha vitu, mimi naliona kazini kila siku." Akaniamini! Akasema, "Wewe ndiye unayejua mambo ya joto. Basi nilikunja nusunusu, shaba ikajirudi."

Akakaa kuvikunja tena. Upande wa kwanza wa ngazi ukakatika kwenye mstari, tik. Wa pili, tik. Akavua miwani yake akaitazama mikono kama ya mtu mwingine. "Imekufa," akasema. "Dobi, nadhani ndoa imenilegeza." Akacheka, lakini kile si kicheko chake, mimi ninakijua kicheko chake, ndicho kilichonioza. Tangu siku ile gari liko ndani ya boksi juu ya kabati, anasema atamnunulia baba yake shati, na Jumatatu mwenzake wa kazini aliniambia, "Shemeji, mkeo ana nini? Skrubu ndogo ananipa mimi nimfungie."

Mshauri, siku hiyo pasi ilinitoka mkononi.

Jioni nikamwambia mke wangu tatizo si mikono, ni kifaa, kwa kuwa amekuwa akikunja kwa koleo, na nikaenda duka la vifaa vya mambo haya. Muuzaji, mzee mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, akaniwekea vitu vitatu. Cha kwanza kikubwa kama kitabu cha chuma, juu kina bamba lenye meno mapana na membamba kama kitana, unabana kipande kwa skrubu halafu unakiinua kwa bapa refu kama wembe. Cha pili ni hichohicho lakini cha kutosha kiganjani. Cha tatu ni koleo lenye midomo bapa isiyo na meno.

Akaniuliza, "Mkunjo mrefu kuliko yote una urefu gani?"

"Mkunjo wa nini?"

"Wa kazi ya mkeo, bwana."

"Sijui, mzee wangu."

"Basi unanunua nini?"

Nikasema, "Nataka kile kinachoweza kukunja kitu kilichonyooshwa."

Akashusha miwani ya kichwani akaiweka juu ya ile ya machoni, akanitazama. "Kimenyooshwa na nani?"

Nikaaga.

Ninakuomba unichagulie, kikubwa, kidogo au koleo, kipi kitamrudishia mke wangu mikono yake bila mimi kulazimika kusema neno? Maana nampenda, Mshauri, nampenda mpaka najishangaa, na sitaki anitazame kama alivyovitazama vile vipande.

Ni mimi,
Dobi Niliyeoa Vizuri

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu Dobi, hongera, umeoa. Pongezi zimeishia hapo.

Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini, na tulipofika kwenye kitambaa chenye unyevu ilibidi tusimame kidogo. Kwa kupiga pasi sikugombezi. Mtu anatumia alichonacho, na wewe ulikuwa na pasi na mapenzi mengi kuliko maarifa. Ila ulivuka upande wako wa kulia, hilo litunze, utalihitaji kwenye kuomba radhi. Ninalokugombeza ni lile joto la mchana. Mkeo alikuamini kwa sababu ni jambo la kazi yako, naye anaheshimu kazi yako. Ukaichukua heshima hiyo ukamfunika nayo macho. Sasa mwanamke anayefunga skrubu kama punje ya mchanga anaogopa vidole vyake mwenyewe, na wewe uko dukani unachagua koleo!

Nimemuuliza fundi saa aliye ghorofa ya chini. Amesema shaba nyembamba ya namna hiyo inakubali kukunjwa mara moja. Ukiinyoosha halafu ukaikunja tena palepale kwenye mstari, inakatika, hata akunje fundi wa mafundi. Kwa hiyo kifaa unachokitafuta, cha kukunja kilichonyooshwa, hakijatengenezwa, na yule mzee wa miwani mbili alilijua hilo kabla hujamaliza sentensi.

Leo akirudi kazini, kabla hajavua viatu, usimtangulizie ua. Maua yako yana historia. Teremsha boksi, liweke mezani, na useme hivi: "Mke wangu, mikono yako ni mizima. Vile vipande nilivipiga pasi mimi, na habari ya joto niliitunga." Ukome hapo. Usiunganishe na "kwa sababu nakupenda", anajua, miezi mitatu na siku nne umekuwa ukimwambia. Akitaka kukuuliza ulitumia moto wa kiasi gani, mjibu. Akicheka, usicheke mpaka akuruhusu. Akikunja uso, uache ulivyo, wewe kunyoosha imetosha. Na kesho asubuhi mpitie huyo shemeji yako wa kazini umweleze kwamba skrubu zirudi kwa mwenyewe.

Halafu kuhusu kifaa, kwa kuwa uliuliza na mimi si mchoyo. Kanuni ni ya yule mzee: pima mkunjo mrefu kuliko yote, ununue kifaa kinachouzidi kidogo. Ngazi ina mbavu mbili ndefu, na ubavu mrefu unataka kuinuliwa wote kwa mara moja. Koleo linauma kipande kwa kipande, ndiyo maana kitu kirefu kinatoka kimepinda kama njia ya mlevi. Kile cha kiganjani kinafaa vibebeo na masanduku madogo, ngazi itatokeza nje huku na huku. Kikubwa ndicho cha ngazi, kama kina kitako kizito kisichoteleza mezani na skrubu inayokazwa kwa vidole viwili, na kama bamba linabana sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkeo aweke karatasi mbili chini ya bamba, akaze, kisha azivute moja huku na moja kule. Ikitoka hata moja, arudishe rafuni.

Lakini umeona nilivyosema? Mkeo aweke, mkeo akaze. Miaka yote hiyo amekunja kwa koleo na basi likapata viti arobaini. Huenda akakutazama akasema hahitaji kitu, ila bati jipya la shaba tu, na likipatikana wiki hii ngazi itawahi Jumamosi ya baba yake. Huenda akataka kikubwa na koleo juu yake. Atakachosema ndicho mtakachobeba, na wewe ndiye utakayebeba.

Kwa hiyo nendeni wote wawili. Mke aseme urefu wa mkunjo, maana anaujua. Wewe usimame pembeni yake, na mzee akishusha ile miwani ya pili, umjibu swali lake alilokuuliza ukakimbia.