Makaburi ya Msimbati

Jumatano jioni, Shangani

Kijitabu cha watalii ninachokiandika kazini kimenishinda.

Leo nilikwenda Msimbati kumwuliza Bi Somoe historia ya kijiji chao, maana yeye hupangisha wageni wa likizo vyumba vya nyumba yake pale ufukweni. Alinipeleka uani kuona makaburi ya kale ya mawe. Yalikuwa manne. Mwaka jana niliyapiga picha yakiwa saba.

"Mengine yako wapi, Bi Somoe?"

"Bahari imeyachukua, mwanangu. La babu limekwenda wiki iliyopita. Tumeokota mifupa, tukamzika upya kule kwenye mikorosho."

Alisema hivyo huku akitandika kitanda cha wageni wa Idi. Kutoka ukuta wa chumba kile hadi majini ni hatua kumi na moja.

Bosi hataki niandike habari hizo, anasema nitawafukuza watalii. Nimeziandika. Kisha nikampigia Bi Somoe kumsihi asilaze mtu chumba kile.



"Nitalala humo mimi," akasema. "Chumba changu kimeanguka alasiri, ulipoondoka tu."