Mama Yule Hakusema Kitu

Mume wangu, Baba Diane,

Huko uliko najua hakuna tena taabu ya macho, basi nivumilie. Langu la kushoto limeshazimika. La kulia wanalipasua keshokutwa, na daktari hakunificha: linaweza kupona, linaweza pia kumfuata mwenzake. Nasali rozari, nafika katikati, najikuta sijui niko fumbo gani.

Kwa hiyo juma hili natazama filamu kama mtu anayekula kabla ya kufunga. Diane amenichukua kwake Remera, ana televisheni kubwa kama mlango. Nimeanza ya vita, nikaizima walipochoma nyumba. Hizo wewe unajua kwa nini sisi hatuziwezi. Nikatazama ya mapenzi, msichana analia tangu mwanzo na wanja haumtoki! Ungecheka, wewe.

Lakini moyoni nilikuwa na faraja yangu. Unakumbuka kile kibanda cha video Gitega, wakati wa uchumba? Agasobanuye tupu: Wazungu wanafungua midomo, msimuliaji anawafunika kwa Kinyarwanda chake, anawapa na majina ya mtaani. Wewe ulikuwa unafumba macho kwa uchovu wa kazi, na bado ukitoka unanisimulia filamu nzima. "Macho ya nini, Consolata? Masikio yanatosha." Nikasema, basi, Mungu akilichukua na hili jicho, agasobanuye itabaki.

Jana nikamwomba Diane aniwekee ile tuliyoipenda kuliko zote, ya kijana anayehama kwao, mama yake kasimama mlangoni. Unakumbuka yule mama alivyosema? "Mungu akutangulie, mwanangu. Hata ukichelewa, chakula chako nitakifunika." Kibanda kizima kililia. Diane akaipata, ila ya Kiingereza, haina msimuliaji.

"Ongeza sauti, mama anaongea."

"Haongei, Mama."

"Anaongea! Anamwombea mwanawe."

"Mama, hapo hakuna neno hata moja. Huyo msimuliaji wenu aliyatunga mwenyewe, tapeli yule!" Akacheka sana.

Mimi sikucheka. Nilisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Baba Diane, mama yule hakusema kitu. Alimtazama tu, kidevu kikamtetemeka. Kila kitu kilikuwa pale usoni, na miaka yote hiyo mimi nilikuwa nasikiliza. Faraja yangu ikaishia hapo hapo. Nikipofuka, binti yetu akiniambia "niko sawa, Mama," nitajuaje kama kweli yuko sawa?

Leo asubuhi, anakimbilia kazini, nikamwambia akae dirishani kwenye mwanga.

"Nachelewa, Mama. Unatafuta nini usoni kwangu?"

"Kaa, we mtoto."

Akakaa. Ana kovu dogo juu ya nyusi, sikuwahi kuliona. Chini ya macho ana uchovu ambao hajaniambia. Na mdomo ameubana vile ulivyokuwa ukiubana wewe ukiogopa. Tangu nimefika hapa ananiambia operesheni ni kitu kidogo, nisiwe na wasiwasi. Kumbe naye halali.

Sikumwambia kwamba nimeona. Nilimvuta tu kifuani kwangu, na safari ya kazini akaisahau.

Tuombee huko, sisi wawili. Yeye mtangulize.

Pumzika kwa amani, mpenzi.

Mkeo,
Mama Diane